Brahms Badala ya Debussy: Uchambuzi wa Usaili Mmoja wa Klarineti

Mwanafunzi wa kisa hiki alikuwa na miaka 18, amemaliza kidato cha nne Nairobi, na alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa daraja la nane wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Jina lake siliandiki. Alitaka kusomea shahada ya muziki katika konsavatori (chuo cha muziki) ya Uingereza, na chuo alichokichagua kilimruhusu atume video badala ya kusafiri. Masharti yalikuwa mafupi: vipande viwili vyenye tabia tofauti, angalau kimoja kisindikizwe na piano, na kila kimoja kirekodiwe moja kwa moja bila kukatwa. Atakayepita ataitwa kwa mazungumzo ya mtandaoni na kupewa noti asizowahi kuziona azisome papo hapo. Maombi ya kozi za muziki katika konsavatori za Uingereza hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Yeye alinijia mwezi wa Juni, akiwa na klarineti moja tu, ya B flati, ya plastiki, iliyotoka katika bendi ya shule.

Alikuja na orodha tayari: Première rhapsodie ya mtunzi Debussy, kisha sehemu ya mwisho ya Konseto ya pili (kazi ya ala moja ikisindikizwa na orkestra) ya mtunzi Weber, ile Polacca. Nilipomuuliza sababu, alijibu, “Mwalimu, wote ninaowaona wakishinda wanapiga hivi.”

Hakuwa amekosea kuhusu ukubwa wa vipande hivyo. Weber aliandika konseto zake mbili za klarineti mwaka 1811 kwa ajili ya Heinrich Baermann, mpigaji aliyesifiwa kote Ulaya, na mistari ya mwisho ya Polacca imewekwa pale ili mpigaji aonyeshe vidole vyake vyote. Rapsodi ya Debussy ina historia ambayo kila anayejiandaa kwa usaili anapaswa kuijua. Iliandikwa kati ya 1909 na 1910 kwa ajili ya mtihani wa wapiga klarineti wa Konsavatori ya Paris, wakati Gabriel Fauré alipokuwa mkuu wa chuo hicho. Debussy aliandika pia kipande kifupi cha kuwapima watahiniwa kusoma noti papo hapo. Kwa hiyo rapsodi ile ilitungwa iwe mtihani tangu noti ya kwanza. Je, unaweza kuianza sauti kutoka kwenye kimya bila ulimi kusikika? Unaweza kupiga polepole sana bila pumzi kukatika katikati ya wazo? Unaweza kutoka kwenye ndoto ukaingia kwenye mchezo wa haraka na kurudi? Aliyeiva hufaidika na maswali hayo. Ambaye hajaiva, kipande kinamfichua hatua kwa hatua, mbele ya watu wanaokijua kwa moyo.

Sikumwambia hapana. Nilimwomba apige mistari ya mwanzo tu ya vipande kadhaa alivyowahi kuvigusa: Debussy, Weber, Mozart, Brahms, Saint-Saëns, Stravinsky. Mstari wa kwanza ndio hodi ya mpigaji. Jopo linalosikiliza video nyingi kwa siku moja linajua ndani ya muda mfupi sana ikiwa sauti ina msingi, kama noti zinaungana, na kama aliye nyuma ya ala anasikia anachokipiga. Yanayofuata yanathibitisha au kurekebisha hukumu hiyo, lakini hukumu imeshaanza kuandikwa. Mimi huchagua kipande cha usaili kwa mlango wake wa kuingilia kabla ya kutazama ukurasa wake mgumu kuliko yote.

Mistari ile ilitueleza mengi. Sauti zake za chini zilikuwa nzuri kweli, nene na tulivu, za mtu aliyekaa miaka akijaza sauti ya pili katika bendi. Mapigo yake hayakuyumba. Lakini noti za juu alipozipiga kwa sauti ndogo zilipanda kuliko zinavyotakiwa, na ulimi wake, unaotenganisha noti, ulichelewa pale mwendo ulipozidi. Zile za kooni, yaani G, A na B flati za katikati ambazo karibu matundu yote huwa wazi, zilitoka nyembamba. Polacca aliweza kuipiga kwa mwendo wa wastani, lakini Polacca ya mwendo wa wastani imeshapoteza sababu ya kuwepo. Debussy alianza vizuri. Kuanzia ukurasa wa pili nilisikia mtu anayepambana kubaki hai.

Kabla ya kuamua lolote nilitaka tumsikilize mpiga piano. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kwetu wanapokwama, na ndipo ushauri mwingi unaotoka nje usipotufaa, kwa sababu umeandikwa kwa watu ambao chuo au mji wao umejaa wapiga piano wa kulipwa. Tuliyekuwa naye ni mzee mmoja mpiga kinanda wa kanisa, msomaji mzuri wa noti, mwenye sikio kali na muda mchache. Tulimpelekea Debussy. Aliufungua ukurasa baada ya ukurasa, akaufunga. “Hii naiweza, mwanangu,” akasema, “lakini si kabla ya Oktoba.” Nilimshukuru moyoni. Sehemu ya piano ya rapsodi ile ni nzito, na msindikizaji anayebabaika humshusha mpigaji hata kama mpigaji mwenyewe hana kosa. Jopo halitatenganisha.

Watu wawili walimshauri apige Mozart, na ushauri huo nauheshimu. Konseto ya mwaka 1791, aliyoandikiwa Anton Stadler, ndiyo inayoombwa karibu katika kila usaili wa orkestra duniani, maana haina mahali pa kujificha. Tatizo lilikuwa ala. Konseto hiyo ni ya klarineti ya A, iliyo ndefu kidogo na ya chini kuliko ya B flati, na yeye hakuwa nayo. Ukiipiga kwa klarineti ya B flati kwa vidole vilevile, muziki unapanda nusu toni, hivyo piano nayo inabidi ipande. Yapo matoleo yenye piano iliyokwisha kuandikwa hivyo, ila kitabu alichokuwa nacho mzee wetu kilikuwa cha A. Kinanda cha umeme kingetatua hilo kwa kubonyeza kitufe cha kupandisha nusu toni, na kwa mazoezi ya nyumbani ningeshauri hivyo bila wasiwasi. Kwa video ya usaili sikutaka sauti ya kinanda cha umeme ishindane na sauti yake ya chini, ambayo ndiyo mali aliyokuwa nayo.

Nilivutiwa sana na Lento ya Saint-Saëns, sehemu ya tatu ya Sonata (ya klarineti na piano) aliyoiandika mwaka 1921, mwaka wa mwisho wa maisha yake. Piano ni akodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzito za polepole, na klarineti inaanza chini kabisa kwa nguvu, mahali pake hasa. Kisha muziki uleule unarudi juu, oktavo mbili, kwa sauti ndogo kabisa. Hapo niliiacha. Klarineti ina tabia ya kushuka unapopuliza kwa nguvu na kupanda unapopiga taratibu. Kwa hiyo sehemu hiyo ingemshusha kwenye nusu ya kwanza na kumpandisha kwenye nusu ya pili, juu ya piano ambayo haibadiliki. Ni mtihani mzuri wa mwaka wa pili chuoni.

Ikabaki Brahms: sehemu ya pili ya Sonata ya F ndogo (F minor), Opus 120 namba 1, iitwayo Andante un poco adagio. Brahms alikuwa ameshaamua kuacha kutunga alipomsikia Richard Mühlfeld wa orkestra ya Meiningen mwaka 1891, na kutokana na sauti ya mtu huyo tulipata kazi nne za klarineti, mbili za mwisho zikiwa sonata hizi za mwaka 1894. Mühlfeld alianza katika orkestra ile akiwa mpiga fidla na akajifunza klarineti mwenyewe. Nililisema hilo kwa mwanafunzi kwa sababu linasaidia kuupiga muziki huu: mstari unataka uvutwe kama kwa upinde, bila kila noti kupewa msukumo wake. Klarineti inaingia papo hapo, bila utangulizi wa piano. Mwanzoni piano ni akodi zinazoacha nafasi. Mwendo hauhitaji ulimi wa haraka. Na ukisikiliza vizuri, hakuna kipande katika orodha ile kilichompa nafasi kubwa zaidi ya kuonyesha anachokipenda kwenye ala yake. Mzee alipoupitia mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu ugumu. Alisema, “Hii tutaiimba pamoja.”

Kilikuwepo kikwazo kimoja, na ni kikubwa. Kwa klarineti ya B flati muziki huo unasomwa katika B flati kubwa (B flat major), kwa hiyo zile noti za kooni zilizokuwa nyembamba zinakutana nawe kila mstari. Niliona ni heri hivyo. Tatizo lililoko mwanzoni mwa Juni katika noti tatu linatibika kufikia Septemba. Ulimi unaochelewa kwa mwendo wa Polacca hautibiki kwa haraka hiyo.

Cha pili kilitakiwa kitofautiane, na nilitaka kisihitaji piano kabisa, ili saa zote za mzee ziende kwa Brahms. Stravinsky aliandika Vipande Vitatu vya klarineti peke yake mwishoni mwa 1918, zawadi kwa Werner Reinhart, tajiri wa Uswisi aliyemfadhili na ambaye mwenyewe alipiga klarineti. Cha kwanza ni cha chini, cha utulivu mtupu. Cha tatu ni cha nguvu karibu chote, kimejaa mikazo na mapigo yanayobadilika kila wakati, harufu ya ragtime, muziki wa Kimarekani wa mapigo yaliyokatwakatwa, ikisikika. Vyote viwili vilimfaa: kimoja kwa sauti ya chini, kingine kwa mapigo ya mtoto wa bendi. Cha pili, chenye mbio zinazoruka ala nzima na kisicho na mistari ya kugawa mapigo, tulikiacha.

Lakini mtunzi ameandika kwamba viwili vya kwanza ni bora vipigwe kwa klarineti ya A, na cha tatu kwa B flati. Tulilijadili hili kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Msimamo wangu ni huu: neno la Stravinsky ni pendekezo, na ni pendekezo la rangi ya sauti. Hakuna piano ya kugongana nayo, vidole ni vilevile, na jopo la usaili wa mwaka wa kwanza linajua kwamba wengi wana ala moja. Kilichonitia hofu ni mwanafunzi kulifanya jambo hilo bila kujua amelifanya. Nilimtaka aweze kueleza kwa nini cha kwanza amekipiga kwa B flati, na kwamba anajua kingesikikaje kwa A. Tukakiandikia chuo kuuliza kama vipande viwili kati ya vitatu vinakubalika. Walikubali. Barua pepe ya namna hiyo inafaa iandikwe mapema, kabla ya mazoezi kuanza.

Maandalizi ya Brahms yalianzia kwenye noti za kooni. Dawa ya kwanza ni vidole: unapopiga A au B flati ya katikati, unaongeza vidole vya mkono wa kulia kwenye matundu ya chini, na sauti inanenepa. Kila ala ina mchanganyiko wake, hivyo alijaribu mmoja baada ya mwingine akiwa ameshika noti ndefu, akachagua na kuandika kwenye karatasi ya muziki. Nyongeza hiyo pia huishusha noti kidogo, na hapo piano ya kanisa ikatuletea kazi nyingine. Ilikuwa imeshuka chini ya A ya 440, kipimo cha kawaida cha kupatanisha ala. Fundi wa piano aliipatanisha nyuzi kwa nyuzi lakini alikataa kuivuta hadi juu, akihofia nyuzi za zamani zitakatika. Nilikubaliana naye. Piano iliyoshuka kidogo lakini inapatana yenyewe inatumika. Iliyovurugika haitumiki hata ikiwa kwenye 440. (Mwanafunzi alikuwa ameweka akiba ya kununua kipande kipya cha mdomoni. Nilimwomba kwanza alipie fundi.)

Ili kuifuata piano hiyo ilibidi klarineti irefushwe. Wengi huvuta kile kiungo kifupi cha juu tu. Kiungo hicho huathiri zaidi noti za bomba fupi, yaani zilezile za kooni, na pamoja na vidole vya nyongeza zingeanguka kupita kiasi. Tulivuta juu kidogo na katikati ya ala zaidi, kwa maana pale noti za kooni haziguswi. Kisha kuna baridi. Asubuhi za Nairobi mwezi wa Julai na Agosti klarineti huanza ikiwa chini na hupanda kadiri inavyopata joto, kwa hiyo hakuna kupatanisha kabla ya kupuliza kwa muda wa kutosha. Haya yote ni mambo ya milimita, lakini jopo huyasikia kama mtu asiye na sikio.

Mazoezi na mzee yalikuwa mara moja kwa wiki, na kila mara walianza na mistari minane ya kwanza kabla ya kupiga kitu kingine, bila kujipasha, ili mwili uzoee kuingia ukiwa baridi. Kati ya siku hizo alipiga na sauti ya piano iliyorekodiwa kwa simu, kwa tahadhari: rekodi haikusubiri unapovuta pumzi, na Brahms asiyesubiriwa huwa mgumu. Pumzi ziliandikwa kwa penseli mapema, hata zile ndogo, na mzee akapewa nakala yenye alama hizohizo.

Cha tatu cha Stravinsky kilitaka kazi ya aina nyingine. Alikihesabu kwanza kwa mdomo, bila ala, akigonga thamani ndogo kabisa mezani, kwa sababu pigo kubwa linabadilika lakini dogo halibadiliki. Metronomu, kifaa cha kupiga mapigo sawasawa, iliwekwa kwenye dogo hilo. Mwendo uliongezwa pale tu mikazo yote ilipoangukia mahali pake. Mikazo ndiyo muziki wenyewe hapa, na mpigaji anayeisawazisha anabaki na zoezi la vidole. Alijifunza pia kuanzia mwishoni kurudi nyuma, kwani kipande kifupi cha nguvu huwachosha midomo watu katika mistari ya mwisho.

Kuhusu ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, nina neno moja: ridi ileile kwa vipande vyote. Alitamani laini kwa Brahms na ngumu kwa Stravinsky. Usaili si mahali pa kubadili ridi. Alizungusha nne kwa wiki kadhaa, hakuna iliyopigwa siku mbili mfululizo, na iliyobaki imara ndiyo iliyorekodiwa.

Siku za kurekodi zilitufundisha lililowahi kuwaponyoka hata wapigaji wazuri. Simu nyingi zina kifaa kinachopandisha sauti ndogo na kukandamiza kubwa bila kuombwa. Kwa mazungumzo kinasaidia. Kwa cha kwanza cha Stravinsky kinaua, maana utulivu wote unatoka ukiwa na nguvu sawa na cha tatu. Tulitumia kinasa sauti kidogo cha kuazima chenye kurekebishwa kwa mkono, tukakiweka umbali wa mita chache, na simu ikabaki kuchukua picha, mikono na uso vikionekana. Ukumbi una paa la mabati, na mvua moja ya mchana ilitufukuza kabisa. Brahms ilipatikana asubuhi iliyofuata, kabla ya barabara kujaa. Toleo alilolituma lina noti moja iliyopasuka kidogo katikati. Lilikuwepo lingine safi, lenye mwendo wa woga. Nilisimama upande wa lile lenye noti iliyopasuka, na mzee pia.

Skeli na kusoma noti papo hapo tulivifanya kila siku kwa muda mfupi, kwa vitabu vya zamani vya mitihani.

Aliitwa. Katika mazungumzo ya mtandaoni waliuliza mambo mengi ya kawaida, na wakauliza kuhusu klarineti ya A. Alijibu alivyofikiri, kwamba cha kwanza anakisikia cheusi zaidi kwenye A na kwamba amejaribu kukaribia weusi huo kwa ridi na kwa pumzi ya polepole. Chuo kikampa nafasi. Ufadhili waliompa haukutosha gharama, naye ameomba masomo yaahirishwe mwaka mmoja huku akitafuta fedha za kujazia.

Katika mwaka huo anahitaji klarineti ya A, maana chuoni hawezi kukaa katika orkestra bila nayo. Ala nzuri zinatengenezwa kwa mpingo unaovunwa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na bei yake inaporudi kwetu ikiwa klarineti haishikiki na familia ya kawaida. Jambo hili linaniuma, na sioni aibu kulisema. Kwa sasa ameazimwa moja na mpigaji wa bendi ya polisi, siku za Jumamosi tu. Ameanza sehemu ya kwanza ya Mozart, safari hii kwa ala yake halisi. Mzee wa kanisa tayari ana kitabu cha A.